LL-37 na saratani: kesi nzima iko kwenye kipimo

Peptidi ya LL-37, mnyororo mfupi wa asidi amino ambao mwili hujitengenezea, siku hizi inauzwa mtandaoni, unga mkavu ndani ya vichupa vidogo, na inanadiwa kama dawa ya asili ya kinga. Inaua bakteria, inatuliza utumbo, na kwa wauzaji wenye kifua zaidi, inaua seli za saratani. Hilo la mwisho si uongo mtupu, kwa sababu lina tafiti za kweli nyuma yake. Tatizo ni upande wa pili wa ushahidi, ule unaoonyesha peptidi hiyohiyo ikikuza saratani. Huo hupewa sentensi moja mwishoni, kana kwamba ni hitilafu ya maabara. Ukiifuata biolojia ya peptidi hii tangu mwanzo, unakuta kukuza seli ni kazi yake ya kila siku.

Kwa ufupi, LL-37 hutoka kwenye kundi la protini za kinga ziitwazo kathelisidini, na binadamu ana moja tu. Jeni yake, CAMP, iko kwenye kromosomu ya 3, na huzalisha protini iitwayo hCAP18. Neutrofili, chembe nyeupe za damu, huihifadhi ndani ya chembechembe zake. Seli za ngozi, mapafu na utumbo nazo huitengeneza. Ikiwa nzima, protini hiyo haitoboi bakteria. Ikimwagwa nje, kimeng'enya cha proteinase 3 hukata kipande cha mwisho chenye asidi amino 37, na hicho ndicho LL-37. Kwenye ngozi ukataji hufanywa na kalikreni. Kipande hicho kina chaji chanya ya jumla 6 na hujisokota hivi kwamba ubavu mmoja unapenda mafuta na mwingine unapenda maji. Utando wa bakteria una chaji hasi, basi peptidi hunata, hujipenyeza na kuuvunja. Seli nyingi za saratani nazo huwa zimehamishia fosfatidilserini, aina ya mafuta yenye chaji hasi, upande wa nje wa utando, zikawa na chaji hasi zaidi kidogo kuliko jirani zao wazima. Hoja ya kwamba LL-37 inachagua saratani imeanzia hapo.

Ushahidi wa upande huo una uzito. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba panya wasio na jeni ya kathelisidini walipata vimbe vingi zaidi vya utumbo mpana walipopewa azoksimethane, kemikali inayosababisha saratani. Seli za saratani ya utumbo zilizowekewa LL-37 zilijiua kwa njia inayopitia protini ya p53, bila kutegemea vimeng'enya vya kaspase. Kwenye saratani ya tumbo, peptidi hupungua ndani ya uvimbe ikilinganishwa na tishu ya kawaida, na ikirudishwa kwenye seli inapunguza kasi ya kugawanyika kwake. Seli za NK, zile za kinga zinazoua uvimbe, za panya wasio na kathelisidini hudhibiti uvimbe vibaya.

Kisha kuna utafiti wa mwaka 2015 ambao msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kuupita, kwa kuwa unahusu limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za kinga ambayo Denis Burkitt aliieleza akiwa Kampala mwaka 1958. Makrofaji, seli za kinga zinazomeza wadudu na taka, zenye vitamini D ya kutosha zilitengeneza kathelisidini, nayo ikaharibu mitokondria za seli za limfoma. Makrofaji za aina inayokaa ndani ya uvimbe zilishindwa kuitumia vitamini D hiyo, zikaacha seli za saratani ziishi. Zilipoongezewa vitamini D iliyokwisha kuamshwa, uwezo ulirudi. Kazi nzuri, na nitairudia.

Sasa upande unaodharauliwa. Mwaka 2003 mambo mawili yalionekana karibu kwa pamoja. Kwanza, LL-37 huchochea kuota kwa mishipa mipya ya damu kupitia kipokezi cha seli ambacho leo huitwa FPR2. Pili, Heilborn na wenzake wa Stockholm walikuta kwamba ngozi iliyokatwa hujaza LL-37 ukingoni mwa jeraha wakati seli zinapotambaa kulifunga, na kwamba vidonda sugu vya miguu havina peptidi hiyo ukingoni. Walipoizuia kwa kingamwili, ngozi iliyokuzwa maabara ilishindwa kujifunika. Kikundi hichohicho, miaka 2 baadaye, kiliangalia saratani ya matiti na kukuta hCAP18 kwa wingi ndani ya seli za uvimbe. Mfuatano huo unatosha kueleza karibu kila kitu. Wanapatholojia wameuona uvimbe kama kidonda kisichopona tangu Harold Dvorak alipoulinganisha hivyo mwaka 1986, na peptidi inayokwenda kwenye vidonda itakwenda huko pia, ikifanya yaleyale: kuita seli, kuotesha mishipa, kusukuma mgawanyiko.

Ushahidi uliofuata umejaza picha hiyo. Kwenye ovari, mwaka 2009, LL-37 ilionekana kuvuta seli shina za tishu unganishi hadi ndani ya uvimbe, na huko zikamwaga IL-6 na VEGF, yaani chakula na mabomba ya damu. Peptidi ilipozuiwa ndani ya panya, seli hizo zilipungua na mtandao wa mishipa ukavurugika. Kwenye matiti iliongeza ishara za HER2, kipokezi kilekile kinacholengwa na trastuzumab, dawa ya saratani ya matiti. Kwenye kongosho, makrofaji za ndani ya uvimbe ndizo zinazoitoa, na inayonufaika ni ile sehemu ndogo ya seli za saratani yenye tabia ya seli shina, kupitia vipokezi vya FPR2 na P2X7. Kwenye mapafu, seli za saratani zilizofanywa zitengeneze hCAP18 kwa wingi zilitoa vimbe vikubwa zaidi ndani ya panya.

Lakini linalopaswa kumkosesha usingizi muuzaji wa vichupa ni hesabu ya ukolezi, na inafaa kuifanya polepole. LL-37 ina uzito wa takriban daltoni 4,500, kwa hiyo mikromola 1 ni sawa na mikrogramu 4.5 kwa mililita. Kutoboa seli za binadamu moja kwa moja huhitaji makumi ya mikromola. Chukua 20, yaani mikrogramu 90 kwa mililita. Utegili wa damu wa mtu mzima una hCAP18 kiasi cha mikrogramu 1.2 kwa mililita. LL-37 ni takriban robo ya uzito wa protini hiyo, basi hata ikikatwa yote, jambo ambalo halitokei, utapata mikrogramu 0.3. Umebaki chini ya kiwango cha kuua mara 300. Na kwenye jaribio la seli za mapafu, ukuaji ulichochewa kwa nanogramu chache tu kwa mililita, kupitia EGFR, kipokezi cha ishara za ukuaji. Kati ya nanogramu 5 na mikrogramu 90 kuna tofauti ya mara 18,000, na sehemu kubwa ya nafasi hiyo ni eneo la kuchochea seli, si la kuua.

Sasa mtu ajichome mikrogramu 100 chini ya ngozi. Tuseme zote zimefika kwenye damu, lita 5, bila kuharibiwa: ni nanogramu 20 kwa mililita. Kwa kweli zitapungua, kwa sababu protini za damu, hasa apolipoprotini A-I, huishika peptidi, na proteasi huikata. Kwa vyovyote hakuna njia ya kufikia mikrogramu 90 mwilini kote bila kutoboa pia chembe nyekundu za damu. Mwenye uvimbe mdogo wa ovari au titi ambao bado haujajulikana anajiweka palepale ambapo tafiti za ukuaji zilifanyika. Mwaka 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliiorodhesha LL-37 kati ya viambato ambavyo vikichanganywa na maduka ya dawa huenda vikaleta hatari kubwa kiusalama. Ukiiangalia hesabu hii, hatua hiyo haishangazi.

Kuidunga ndani ya uvimbe wenyewe ni jambo tofauti, lakini haliikwepi hesabu. Katikati ya sindano ukolezi utapanda hadi kuua. Kuanzia hapo unashuka kuelekea kingo, na kila saa inayopita unashuka tena, hivyo lazima kuwe na pete ya seli hai zinazopokea dozi ya kuchochea. Watafiti wa MD Anderson, Houston, waliojaribu kudunga LL-37 kwenye vimbe vya melanoma walikuwa na sababu nyingine: peptidi hii hushika vipande vya DNA vya seli zilizokufa, ikavipeleka ndani ya seli za kinga ziitwazo dendriti hadi kwenye kipokezi cha TLR9, zikaamka na kutoa intaferoni. Hiyo ni chanjo ya papo kwa papo, si sumu. Mwaka uleule wa 2009 ambao utafiti mmoja uliihusisha LL-37 na kukua kwa saratani ya ovari, mwingine uliichanganya na DNA ya CpG, inayoamsha kinga, na panya wenye saratani hiyo wakaishi muda mrefu zaidi. Wanaozitaja tafiti hizi mbili kama zinazopingana wamesahau CpG; peptidi ilikuwa mbebaji.

Hata kwa binadamu, dozi imejionyesha. Jaribio la vidonda sugu vya miguu lililochapishwa mwaka 2014, lenye wagonjwa 34, lilipaka miligramu 0.5, 1.6 au 3.2 kwa mililita. Dozi 2 za chini ziliharakisha kupona. Ile ya juu haikutofautiana na dawa bandia. Kiwango cha chini kinajenga, cha juu kinaacha kujenga: kwa kidonda hiyo ni habari ya kuchagua dozi, kwa uvimbe ni onyo.

Upande huu nao una nyufa zake. Majaribio mengi ya ukuaji yalitumia panya wasio na seli T, na huko nusu ya kazi ya peptidi, ile ya kuamsha kinga, haiwezi kuonekana. Kingamwili nyingi za maabara hazitofautishi hCAP18 nzima na LL-37 iliyokatwa, kwa hiyo rangi nzito kwenye kipande cha uvimbe haisemi kama peptidi inafanya kazi. RNA ya CAMP iliyopimwa kwenye uvimbe uliosagwa inaweza kuwa ya neutrofili zilizopita njia. Na LL-37 hunata kwenye plastiki ya polistireni: ukiandaa myeyusho mwembamba kwenye mrija wa kawaida, nanogramu 20 ulizoandika kwenye daftari zinaweza kuwa 5 kwenye seli. Kwenye seramu asilimia 10 dozi ya kuua hupanda, kwenye asilimia 1 hushuka, na tafiti mbili zenye namba moja ya ukolezi zinakuwa hazizungumzii kitu kimoja. Kosa hili lina pande zote mbili, ingawa haliwezi kuziba pengo la mara elfu kadhaa.

Nirudi kwenye vitamini D, kwa sababu ndiyo njia ambayo mtu wa kawaida anaweza kuigusa jeni ya CAMP. Jeni hiyo ina sehemu ya kushikwa na kipokezi cha vitamini D, na mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba makrofaji za binadamu hupambana na kifua kikuu kwa njia hiyo. Mnyororo ulikuwa safi, kila kiungo kimethibitishwa maabara. Kisha Dar es Salaam ikaupima: watu wazima 4,000 wenye VVU na upungufu wa vitamini D, waliokuwa wanaanza dawa za ARV, nusu wakapewa uniti 50,000 kwa wiki kwa mwezi wa kwanza na uniti 2,000 kila siku baadaye, hadi mwaka 1. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 hayakuonyesha kupungua kwa vifo wala kwa kifua kikuu cha mapafu. Hoja ya limfoma ya Burkitt imesimama kwenye mnyororo huohuo, pamoja na kiungo kimoja cha ziada. Mtoto mwenye uvimbe wa taya anahitaji dawa za saratani, siklofosfamaidi na vinkristini, mapema. Upungufu wa vitamini D utibiwe kwa ajili ya mifupa yake.

Njia inayoonekana kuwa na akili zaidi ni kuikatakata peptidi. Kipande cha FK-16, asidi amino 16 kuanzia nafasi ya 17 hadi ya 32, kiliua seli za saratani ya utumbo mpana vizuri kuliko LL-37 nzima. Swali ambalo kila anayekitetea anapaswa kulijibu kabla ya kwenda kwa mgonjwa ni kama kipande hicho bado kinawasha FPR2, EGFR na HER2 kikiwa kwenye nanogramu. Na jibu litafutwe pia kwenye seli za ovari, matiti na kongosho, kwenye mirija isiyonatisha peptidi, kando ya peptidi ya kulinganishia yenye asidi amino zilezile zilizovurugwa mpangilio.