Shuka langu limechomwa moto, kisa joka

Jumamosi iliyopita kanipigia simu mtoto wa kaka yangu, na ile "shikamoo shangazi" yake tu nikajua kuna jambo, maana huyu binti akiwa na raha huanza kucheka kabla hata ya kuamkia. Marahaba mwanangu, vipi? Kimya. Halafu: "Shangazi usikasirike, yale mashuka uliyonitunza kwenye kicheni pati, mama mkwe kayachoma."

Kayachoma. Moto. Nyuma ya nyumba, palepale wanapochomea taka, pamoja na foronya zake nne.

Kosa lake nini? Yana joka. Mama mkwe kaja kusalimia, kakuta kitanda kimetandikwa, kaona mnyama wa rangi ya dhahabu kajikunja kwenye kitambaa chekundu, kampigia mama wa maombi, mama wa maombi kaja na chupa ya mafuta, kesi imeisha hapohapo na mshtakiwa hakuulizwa hata jina. Seti ile niliitafuta mwenyewe Guangzhou, China, nikabishana bei na yule dada wa duka mpaka tukanuniana, nikaibeba begi la mkononi ili isije ikasafiri kwenye kontena na ndoo za plastiki. Kwa hiyo leo naandika na hasira zangu, atakayeona ndefu asome nusu.

Kwanza mjue lile shuka lilikuwa linasema nini, maana lilikuwa linasema. Wachina wana misemo yao wanaiita chengyu, mingi ni ya maneno manne tu, lakini manne hayo yamebeba hadithi nzima, kama sisi ukisema "sizitaki mbichi hizi" kila mtu anamuona sungura anaondoka zake kanuna, huna haja ya kusimulia. Msemo wa shuka langu unaitwa longfeng chengxiang. Long, huyo mnyama mnayemwita joka, na fenghuang wakitokea pamoja, heri imefika. Long ndo bwana harusi, fenghuang, yule ndege mwenye mkia wa kutanda, ndo bibi harusi, na ndo maana utawakuta kwenye kadi za harusi, kwenye vikombe vya chai ya wakwe, kwenye mapazia, kila mahali. Ni "Mungu awajalie" iliyotariziwa kwa uzi. Yaani mmechoma dua.

(Na kabla hujaniambia habari za yule ndege anayeungua akafufuka majivuni, huyo ni wa Wagiriki, fenghuang wa Mchina haungui hovyo. Wa kwangu kaungua na hajafufuka, nimeuliza.)

Sasa tuje kwenye hilo neno joka, maana ugomvi wangu wote uko hapo. Joka ni nyoka aliyekuzwa, sarufi yenyewe imeshamhukumu. Kila mtu aliyelelewa na bibi analijua joka la vichwa saba linalokaa kisimani na kudai binti kila mwaka, na kila aliyekaa kanisani analijua lile jekundu la Ufunuo sura ya 12. Ukimwambia Mswahili "hili ni joka la bahati" ni sawa na kumwambia hii ni malaria tamu. Simlaumu mama mkwe kwa kuogopa neno. Namlaumu aliyempa neno.

Kwa sababu long siyo nyoka mkubwa. Muangalieni vizuri kabla hamjawasha kiberiti: ana pembe za kulungu, magamba ya samaki, kucha za mwewe, masikio ya ng'ombe, kichwa wanasema cha ngamia. Huyu ni pilau, kila kiungo kimetoka kwake. Hatemi moto hata kidogo, kazi yake ni maji, anakaa mitoni na baharini na mawinguni na ndiye anayeshusha mvua. Vijiji vya zamani vya China vilikuwa na vihekalu vya Mfalme Long, watu wanaenda kuomba mvua ya mpunga, na ukame ukizidi walikuwa wanaitoa ile sanamu nje wanaianika juani na yeye aonje. Niambieni ninyi, shetani gani anaanikwa na wakulima kama dagaa?

Halafu kuna msemo wa wazazi, wang zi cheng long, kumtamania mwanao awe long. Unaendana na ile hadithi ya samaki wa Mto Manjano wanaopanda kinyume na maji mpaka mahali panapoitwa Longmen, lango la long, na yule anayefanikiwa kuruka juu ya maporomoko anageuka long, wengine wote wanabaki samaki. Walikuwa wanawasema hivyo vijana waliofaulu mitihani ya kuingia serikalini, watu wanasoma miaka ishirini kwa ajili ya mtihani mmoja, na mpaka leo mzazi wa Guangzhou anayelipia tuisheni za jioni anaambiwa msemo huohuo. Mimi huwa nachukua habari hii nikidhani itaeleweka hapa, maana nani zaidi yetu anayejua kuuza shamba mtoto asome? Haya, itafsiri sasa. "Kila mzazi anaomba mwanawe awe joka." Sema hivyo kwenye kikao cha wazazi uone kama hutaitwa pembeni.

Tulifikaje hapa? Wazungu walimkuta long wakampachika jina la dragon, yule mnyama wao anayechomwa mkuki na mtakatifu George, sisi tukapokea kwa Wazungu tukageuza kuwa joka. Tafsiri ya tafsiri, kama shati la mtumba, limepita mabega mawili kabla yako. Wachina wenyewe wamechoka, mwaka 2024 ulipokuwa mwaka wa long vyombo vyao vya habari vinavyotangaza kwa Kiingereza vikaanza kuandika "loong" badala ya lile jina la kizungu. Na sisi tunaweza. Mbona chai hatukuitafsiri? Neno limetoka China, limepita Uajemi na Uhindini, limefika kwetu limevaa kanzu yake na hakuna aliyesema tuliite maji ya majani makavu. Kungfu tumeiacha kungfu. Basi huyu naye tumwite longi yaishe, atakayeuliza longi ni nini ndo aelezwe, kuuliza ni bora kuliko kuchoma.

Haya, kuna jambo linaniuma kulisema ila nikilificha kuna mtu atalileta. Biblia ya Kichina, ile wanayosoma makanisani kwao, Ufunuo 12 wameandika long. Long mkubwa mwekundu, vichwa saba, pembe kumi. Neno lilelile la shuka langu. Nilivyoliona mara ya kwanza nilifunga simu nikaenda kupika. Kwa hiyo mama mkwe akiwa na wakili mzuri ananishinda nusu. Na nyumba ni ya mwanawe, sawa, mtu ana haki ya kuchagua kinacholala kitandani kwake. Lakini mnyama wa Ufunuo ana vichwa saba, wa kwangu alikuwa nacho kimoja na anatabasamu. Wangehesabu basi.

Kinachonichekesha, kama kicheko ndo hiki, ni nyumba yenyewe. Televisheni imetoka China. Vigae, China. Feni, jagi la kuchemshia maji, chupa ya chai, pikipiki ya baba mkwe, simu iliyompigia mama wa maombi. Naapa hata kiberiti sina imani nacho. Wachina wana msemo wa watu wa hivi, Ye Gong hao long, bwana wa Ye na mapenzi yake kwa long. Huyu bwana alimpenda long kupita kiasi, kachonga long kwenye kishikizo cha mkanda, kwenye vikombe vya pombe, kwenye nguzo na kuta za nyumba nzima. Long wa kweli huko mbinguni akasikia sifa, akasema ngoja nikamsalimie rafiki yangu, akashuka, kichwa kikachungulia dirishani, mkia ukaburuzika sebuleni. Bwana Ye kumuona tu, rangi ikamtoka akatimua mbio. Hadithi ina miaka zaidi ya elfu mbili. Sisi tumeenda mbele zaidi ya bwana Ye, tumejaza nyumba vitu vya watu bila kuwapenda, na walipotuletea neno lao moja tukalimwagia mafuta ya taa.

Na mnasema haya mambo hayatuhusu. Hebu nisikilizeni habari ya qilin.

Qilin ni mnyama mwingine wa heri wa Kichina, mwili wa kulungu, mkia wa ng'ombe, kwato, na ni mpole kiasi kwamba anaogopa kukanyaga majani mabichi. Anatokea tu nchi ikiwa na mtawala wa haki. Sasa mwaka 1414 mfalme wa Bengal, upande wa Uhindini, akampelekea mfalme Yongle wa China zawadi ya mnyama ambaye pale ikulu hawakuwahi kumuona, na mwaka 1415 akaja wa pili kutoka nchi waliyoiandika Malin, wanahistoria wengi wanasema ndo Malindi hii ya kwetu pwani. Shingo ndefu, mpole, anakula majani, madoa mwili mzima. Wakasema: qilin! Twiga, jamani. Twiga wa kwetu. Akachorwa picha akiwa na mshika kamba wake, na mwandishi wa ikulu Shen Du akamtungia shairi la kumsifia mfalme kwamba ni haki yake imemleta mnyama. Mnajua Yongle alipataje kiti? Alimpindua mtoto wa kaka yake mwaka 1402. Mnyama anayethibitisha haki alikuja wakati wake mzuri sana, na machawa hawakuanza leo. Kusema ukweli mfalme mwenyewe aliwazuia kidogo ile mara ya kwanza na pongezi zao, walau alikuwa na aibu.

Mpaka leo Mjapani anamuita twiga kirini, na Mkorea girini, jina ni hilohilo la qilin. Na msemo wao wa kitu adimu ni fengmao linjiao, unyoya wa fenghuang na pembe ya qilin, vitu ambavyo mtu anaishi na kufa hajaviona. Mimi pembe ya qilin nimeiona Mikumi nikiwa ndani ya basi la Mbeya, saa tano asubuhi, naosha mikono ya chungwa. Ilikuwa inatafuna mgunga pembeni ya barabara. Mnyama wa taifa, timu ya taifa ya wanawake tunaiita kwa jina lake, na hatujui kwamba kuna mahali mfalme alitoka nje kwenda kumpokea. Kama kungekuwa na shuka la qilin, mama mkwe angesema ona twiga mzuri, angelitandika mwenyewe.

Mengine mafupi. Ile herufi nyekundu inayobandikwa mlangoni kichwa chini siyo uganga na siyo fundi kakosea, ni fu, baraka, na kwa Kichina "imegeuzwa" na "imefika" vinasikika sawa. Namba nne hawaipendi kwa sababu inasikika kama kifo. Bundi wanamuogopa kama sisi, hapo tumekutana bila kutafsiriwa na mtu.

Na samaki! Hili lilinikuta mwenyewe. Mwaka mmoja mzigo ulichelewa, viwanda vikafungwa kwa sikukuu, nikakwama Guangzhou mpaka mwaka mpya wao, yule dada wa mashuka (tulishapatana) akanialika kwao mkesha. Samaki mzima kaja mezani, wa mvuke na tangawizi. Wenzangu wanadonoa donoa. Mimi mtu wa pwani naona hawa hawajui samaki, nikamgeuza upande wa pili, nikamsafisha, nikamalizia na kichwa kwa heshima. Meza nzima kimya. Bibi wa nyumba anatabasamu kama mtu anayemeza kidonge. Kumbe msemo ni niannian youyu, kila mwaka kibaki cha ziada, na "ziada" na "samaki" ni yu kwa yu, kwa hiyo samaki wa siku ile anaachwa alale mpaka kesho. Nimekula akiba ya familia ya mwaka mzima. Na kule kusini kumgeuza samaki ni kupindua jahazi la wavuvi, hilo nililifanya kwanza. Hakuna aliyeniletea mafuta. Bibi aliniongezea wali, akamwambia mjukuu wake anieleze polepole.

Haya. Binti aliniuliza, "Shangazi, sasa nifanyeje?" Nikamwambia usigombane na mama mkwe wako, mwamkie, mpikie, shuka nitaleta lingine. Nimemuagiza yule dada, safari hii nikachagua mwenyewe kwenye picha, na limeshafika. Halina long wala ndege. Lina popo. Ndiyo, popo, watano, wekundu, wameizunguka duara, kwa sababu popo kwa Kichina ni bianfu, na hiyo fu yake inasikika sawasawa na baraka, na watano ni wufu linmen, baraka tano zimefika mlangoni: umri mrefu, mali, afya na utulivu, kupenda wema, na kufa salama uzeeni. Nchi hii ambayo mwaka 1995 Unguja na Pemba watu walilala nje vikundi vikundi kwa kumuogopa popobawa, mimi nimetandika popo watano kitanda cha maharusi. Ila wamechorwa na mabawa ya kujikunjakunja, kama hujui hujui.

Jana binti kanitumia ujumbe wa sauti. Mama mkwe kaja, kalishika shuka, kalipapasa, kasema haya sasa ndo mashuka, maua yake mazuri, mwambie shangazi yako na mimi aniletee kama haya.

Nimemwambia nitaleta.