Leso ya Mama Mkwe Kule Njabini

Katika ukoo wetu wa Kiluhya, mwanamume halali chini ya paa moja na mama mkwe wake. Huenda vijana wa siku hizi wakaliona jambo hili kuwa dogo, lakini mimi nimekaa Nairobi miaka mingi na bado mama mkwe akija mjini kuonana na daktari hulala kwa mwanawe Umoja, si kwangu Kayole, hata kama kwangu ndiko kwenye kitanda cha ziada. Tukikutana njiani yeye hushika upande wake nami wangu, na salamu hutolewa kwa umbali ambao mkokoteni uliojaa ungeweza kupita katikati bila kumgusa mtu.

Shemeji yangu, ndugu ya mke wangu, ndiye aliyeamua kwamba likizo ya Aprili mama yake lazima auone mlima wa Nyandarua, yaani Aberdare, kabla hajarudi Vihiga. Alikodi vibanda viwili vya mbao karibu na Njabini, kimoja cha mama mkwe, mke wangu na watoto, na kingine changu mimi na yeye, vikiwa vimeachana kiasi ambacho hata wazee wenye macho makali wangeridhika nacho. Idara ya hali ya hewa ilikuwa imekwisha kutangaza mvua kubwa katika nyanda za juu, lakini shemeji ni mtu anayeamini kwamba utabiri huwa unawahusu watu wengine. Nilimkumbusha kuwa Aprili ndiyo masika yenyewe, na kwamba milima ile, ambayo kilele chake cha Satima hufika mita 4,001, hudaka mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi na kuyakamua papo hapo. Alinijibu kwamba msimu huo vibanda hukodishwa kwa nusu ya bei, wala hakujisumbua kujiuliza ni kwa nini.

Safari yenyewe haikuwa mbaya. Tulipita Limuru, tukasimama Soko Mjinga kununua viazi na karoti, na hapo shemeji akajinunulia kofia ya ngozi ya kondoo ambayo aliivaa kuanzia dakika hiyo kama chifu aliyeapishwa sasa hivi. Baada ya kukata kona pale Flyover kuelekea Kinangop, alianza kumweleza mama yake kwamba karibu na hapo kuna bwawa la Sasumua, na kwamba sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika milima hii, yakiwemo yale ya bwawa kubwa la Ndakaini upande wa Murang'a. Mama mkwe alisikiliza kwa makini, akatazama mvua iliyokuwa imeanza kupiga vioo, kisha akauliza mbona basi kule Umoja amefua nguo kwa maji ya kununua kwenye mitungi wiki nzima. Shemeji akaanza kuiweka kofia yake sawa.

Usiku ule mbingu zilifunguka. Paa la kibanda cha mama mkwe lilianza kuvuja mahali pamoja, likavuja mahali patatu, halafu likaacha kuvuja kwa sababu upepo ulikuwa umeng'oa bati lenyewe na kwenda nalo shambani kwa watu. Mke wangu, watoto na mama mkwe wakakimbilia kibanda chetu, nami nikachukua blanketi langu bila kuambiwa na mtu, nikatoka kupitia mlango wa nyuma na kwenda kulala garini, kama inavyompasa mkwe mwenye malezi. Nilikuwa nimekwisha kujikunja katika kiti cha nyuma, magoti yakiwa karibu na masikio, wakati mvua ya mawe ilipoanza kulipiga gari kwa namna ambayo singeweza kusikia hata meno yangu yakigongana.

Kumbe kuna mtu alikuwa akibisha dirishani. Alikuwa mama mkwe mwenyewe, mwavuli umepinduka, miguuni amevaa gambuti za mwanawe.

"Baba Neema," akasema, akiwa ametazama pembeni kwa heshima, "ukifa kwa baridi humu, mimi nitawaambia nini watu wa kwenu?"

"Mama, siwezi kuingia. Kuna heshima."

"Heshima nimekuja nayo. Toka."

Heshima yenyewe ilikuwa leso. Aliamuru itundikwe kwenye kamba kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, akatangaza kwamba huku ni kwake na kule ni kwangu, na kwamba mtu yeyote asiyepiga hodi atakuwa amevunja nyumba ya mwenzake. Kuanzia hapo tuliishi kama majirani wa ploti moja. Chumvi ilipohitajika, mama mkwe alipiga hodi, nikamjibu karibu, kisha mkono wa Neema ukapita chini ya leso ukiwa na kikopo. Ilipofika zamu ya ugali, sahani zilifuata njia hiyohiyo. Maharagwe hatukuyala hata kidogo, kwa sababu katika mwinuko wa karibu mita 2,500 maji huchemka yakiwa na takriban nyuzi 92 tu, na maharagwe ya mama mkwe, ambayo kule kwao huiva kabla ya habari za saa moja, yalikaa jikoni hadi usiku wa manane yakiwa magumu kama yalivyotoka gunia. Alikataa pia dirisha lifungwe, akisema kwamba moshi wa makaa huua watu wakiwa usingizini, na katika hilo alikuwa na haki kabisa, ingawa dirisha lenyewe lilikuwa upande wangu.

Tatizo halisi likawa karai. Kibanda chetu nacho kilikuwa kimeanza kuvuja, na tone lilichagua kuangukia mpakani hasa, nusu ya karai ikiwa kwake na nusu kwangu. Mimi singeweza kulivuta lote upande wangu bila kuingiza mkono nyumbani kwa mama mkwe, naye hangeweza kulimwaga bila kupiga hodi na kuniamsha. Kwa hiyo tulipiga hodi usiku kucha. Shemeji, ambaye ni mwana wa huku na shemeji wa kule na angeweza kupita popote bila kosa, alilala fofofo akiwa amevaa kofia yake iliyolowa, ambayo kwa harufu ilikuwa imekwisha kurudi kuwa kondoo. Nami nilibaki nikiyasoma maandishi ya leso kwa mwanga wa koroboi: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

Asubuhi mlima haukuonekana. Kulikuwa na ukungu mweupe, na mahali gari lilipokuwa palikuwa na nusu ya gari, kwa kuwa magurudumu yalikuwa yamezama katika tope jeusi la Kinangop. Vijana wa kijiji walikuja na trekta, na bei yao ilipanda kila tairi lilipozidi kuzama.

Tulikubaliana njiani, watu wazima wote, kwamba tukiulizwa tuseme tulilala nyumba mbili, jambo ambalo kwa sheria ya leso lilikuwa kweli tupu. Mama mkwe alilieleza hivyo kwa simu kwa mjomba wa mke wangu, ambaye ndiye mwenye neno katika mambo ya mila, naye akapongeza sana. Kisha akaomba kumsalimu mjukuu. Neema, ambaye ana miaka sita na hajafundishwa bado kufupisha habari, alimwambia kwamba Nyanya alikuwa akikoroma, Baba naye akikoroma, na leso ilikuwa ikienda huku na kurudi katikati yao.

Sasa ninadaiwa kondoo mzima wa kusafisha kosa. Nimeulizia bei pale Kiamaiko, nikampigia mjomba kumsihi akubali jogoo, naye baada ya kufikiri kwa muda mrefu akaniuliza leso yenyewe ilikuwa na upana gani.