Hakuna zingine?

Kile kitabu nilikinunua sh150 kwa inama, wale wauza vitabu vya mtumba wanaovitandaza chini hadi lazima uiname, pale Kenyatta Avenue hapa Nakuru, siku ya manyunyu, na kusema ukweli nilikichukua juu ya kava tu. Kwa ndani kilikuwa na stempu ya maktaba fulani ya Marekani, na kwa ukurasa wa kwanza mtu alikuwa amechora mbwa kwa kalamu. Nikakipeleka kwa duka langu la M-Pesa huku Free Area nikakiweka chini ya kaunta, nikijiambia nitasoma wateja wakipungua. Sikusoma. Aliyesoma ni binti ya kaka yangu, likizo ya Agosti, alikaa kwa kreti ya soda nyuma ya mlango siku mbili nzima, siku ya tatu akakirudisha kwa kaunta akasema, "Senge, huyu kijana ni mimi." Alafu akaenda kununua mkate vile nilikuwa nimemtuma.

Senge, kwa wale hawajui, ni shangazi kwa Kiluhya. Mtaona mbona nimelitaja hilo jina mapema.

Kitabu chenyewe ni Reality Boy, cha A.S. King, kilitoka 2013. Kuna kijana anaitwa Gerald. Akiwa na miaka 5 watu wa TV walikuja kwao na yaya wa kunyoosha watoto watukutu, na Gerald kwa hasira zake akawa anaenda haja kubwa mahali popote pale, hadi mezani, kamera zikiangalia. Sasa anakaribia miaka 17 na mji mzima bado unamwita kwa hicho kitendo. Yani jina lake ni choo. Anafanya kazi ya kuuza vitafunio kwa uwanja wa ndani na mtu akimwangalia mara mbili anajua tu, huyu ameniona kwa TV.

Mtoto wa kaka yangu hajawahi kuenda haja mezani, jameni. Lakini mi nilijua anaongelea nini, juu mimi ndiye nilikuwa nimeshika simu.

Ilikuwa Novemba 2023, KCPE ya mwisho kabisa, ule mtihani wa kumaliza darasa la nane, matokeo yakaja kwa SMS. Tulikuwa sebuleni kwa kaka yangu, watu kama kumi, chai imepoa, mi narekodi juu nilikuwa na uhakika mtoto anaingia shule ya kitaifa, mock alikuwa anapiga 370, 380. Meseji ikaingia. Wakati bado nahangaika kugeuza simu yangu ilale vizuri kumbe yeye ameshaona: 312. Akaketi. Na mi nikamwambia, na sauti yangu iko kwa vidio hadi kesho, "Ngoja, ngoja, jifanye hujaona, fungua tena." Na akafungua tena. Mtoto wa miaka 14, maksi ziko machoni, akafungua tena juu senge amesema. Akaangalia, akapandisha meseji juu na kidole, akashusha, akauliza, "Hakuna zingine?"

Nyumba nzima ikacheka. Nilicheka pia.

Na swali halikuwa la kijinga. Mwaka huo wazazi wengi walilalamika kwamba zile SMS zilileta maksi zenye makosa, kwa hivyo mtoto kuuliza kama kuna zingine ni akili ilikuwa inafanya kazi. Lakini hiyo haikuwa ndani ya zile sekunde 19 nilizoweka kwa stetas ya WhatsApp. Wala "fungua tena" yangu haikuwa ndani, hiyo niliikata mwenyewe, na vidole vyangu hivi, juu nilisikia sauti yangu ni mbaya. Nikaandika juu yake "huyu ataniua" na zile sura za kulia kwa kicheko. Kaka yangu akaisukuma kwa grupu la familia, mtu akaitoa huko akaipeleka TikTok, sijawahi kujua nani, na Januari mtoto anaripoti kidato cha kwanza na sanduku jipya, kabla hata hajaonyeshwa kitanda msichana mmoja anamwangalia anamwambia, "We si ndo Zingine?" Mpaka leo. Ako kidato cha tatu. Zingine leta mpira, Zingine pitisha chumvi. Kuna mwalimu alimwita hivyo siku moja akirudisha karatasi za mtihani na darasa likaisha.

Basi nikakisoma kile kitabu, usiku, na sikulala poa. Kuna kitu King anafanya na hakuachilii: anaonyesha kile kamera haikuonyesha. Kwa hiyo nyumba kulikuwa na dada mkubwa, Tasha, alikuwa anamuumiza Gerald, na TV ikaonyesha Gerald peke yake, juu yeye ndiye alikuwa anafurahisha watu. Kukata ndio uongo wenyewe, si kuigiza. Familia ya kwanza Marekani kuwekewa kamera hivyo, akina Loud wa California, walirekodiwa 1971 miezi saba, masaa kama 300, na ilipotoka kwa TV 1973 ilikuwa vipindi 12 vya saa moja. Hesabu mwenyewe ni maisha mangapi yalibaki sakafuni, na akina Loud walilalamika hivyo hivyo, kwamba hao watu wa kwa TV si sisi. Mi nilikuwa na dakika nne na nusu nikatoa sekunde 19. Nilikuwa produsa mzuri sana.

Nikaanza kutafuta wenzake, na kumbe storibuku za vijana wanaoishi ndani ya rialiti TV, vile vipindi vya kurekodi maisha ya watu, ni nyingi, kuna za shindano, kuna za kutafuta mume wa kifalme, kuna za warembo. Nyingi ni ovyo, wacha niseme tu. Unajua mwisho ukifika ukurasa wa thelathini.

Ile kubwa kuliko zote ni The Hunger Games ya Suzanne Collins, 2008, watoto 24 wanatupwa uwanjani wauane nchi nzima ikitazama. Collins ameeleza kwamba wazo lilimjia akibadilisha chaneli usiku, hapa rialiti, pale picha za vita vya Iraki, hadi zikachanganyikana kichwani. Nakipenda, usinielewe vibaya. Lakini adui wa kile kitabu ako mbali sana. Ako Capitol, mji wa watawala, amevaa wigi la pinki, amepaka ngozi rangi. Ukimaliza kusoma unatoka umekasirikia serikali na matajiri, na sisi Wakenya hiyo hasira si tunayo tayari, hatuhitaji kuletewa na kitabu. Hakuna mahali kinakufanya uangalie mkono wako mwenyewe uone umeshika nini.

Isipokuwa kipande kimoja, pale pangoni. Peeta, kijana wa kwao, ni mgonjwa, Katniss, msichana anayesimulia, anambusu, na hapo hapo parachuti inashuka na chungu cha supu kutoka kwa wafadhili. Msichana ana njaa lakini si mjinga, anaelewa bei: busu moja, chungu kimoja. Kuanzia hapo hata yeye hajui tena kama anampenda huyu kijana ama anawapikia watazamaji. Hapo Collins alinishika koo. Hapo nilisikia "fungua tena".

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na anayebisha abishe: hizi riwaya zinakuwa nzuri kadiri mshika kamera anavyokaribia meza ya chakula. Akiwa rais dikteta, ni sinema nzuri. Akiwa produsa mwenye miwani, ni sawa. Akiwa mamako, hapo sasa kitabu kinaanza kukusoma wewe. Kuna kimoja cha 2014, Something Real cha Heather Demetrios, msichana anaitwa Bonnie, mmoja wa watoto 13 waliolelewa mbele ya kamera, kipindi kikaisha, akabadilisha jina akajiita Chloe ili tu asome shule kama watoto wa watu, alafu siku moja anafika nyumbani anakuta kamera zimerudi na aliyezikaribisha ni mamake. Hana wigi la pinki huyo mama. Anasema ni kwa faida ya familia, na kibaya zaidi ni kwamba unamuelewa.

Na kwetu ni mbaya zaidi. Kwetu upande wa Webuye senge ndiye msichana anaambia yale hawezi kuambia mamake, za mwili, za wavulana, za kuogopa. Nilitumwa kuwa sanduku la kufungia siri nikawa spika.

Sheria nayo inachekesha. Hapa tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, huwezi kutumia picha ya mtoto bila idhini ya mzazi, na 2023 shule moja ilipigwa faini ya sh4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila hiyo idhini. Vizuri. Sasa mzazi akiwa ndiye anayerekodi, nani anamwomba nani idhini? Kaka yangu alikuwa pale pale anacheka, hiyo si ndiyo idhini. Wamarekani walishajifunza zamani: Jackie Coogan, kale katoto kalikoigiza na Charlie Chaplin 1921, alikua akapata pesa zake karibu zote zimekuliwa na mamake na babake wa kambo, akawashtaki, na 1939 California ikatunga sheria ya kulinda mapato ya watoto waigizaji. Jimbo la Illinois limefikia hadi watoto wa vidio za familia za intaneti, kuanzia Julai 2024 lazima mzazi aweke kando fungu lao. Sawa, pesa imelindwa. Jina je? Mtoto wetu hakuna hata shilingi ilitengenezwa kwa mgongo wake, ilikuwa bure kabisa, sijui hapo unamgawia fungu la nini.

Kuna mtu nilimweleza haya akaniambia ati hayo ni mambo ya wazungu, sisi hatuna rialiti za watoto. Ni kweli kidogo. Zile tulizokua nazo, Big Brother Africa 2003, Tusker Project Fame kuanzia 2006, hao walikuwa watu wazima walioenda wenyewe na masanduku yao. Na ile ilikuwa inaingia kwa boma za watu wa kawaida kabisa ni Shamba Shape Up, na pale staa ni ng'ombe na mahindi, na sidhani kuna kuku aliwahi kuambiwa arudie. Lakini nenda Free Area jioni yoyote uhesabu akina mama wanaorekodi mtoto akichapwa, akicheza, akilia juu ya chanjo. Hatukuhitaji kampuni ya TV ije. Tulinunua kamera wenyewe, kwa mkopo wa kulipa kila siku.

Ndio maana natamani mtu aandike hii hadithi kwa Kiswahili, na asiweke televisheni hata moja. Aweke senge, simu yenye kioo imepasuka, na grupu la familia lenye watu 64. Vijana wetu wanapewa riwaya ya kutahiniwa wachambue dhamira na mbinu za uandishi, sawa, lakini yule mtoto kwa kreti ya soda hakuniambia dhamira ya kitabu ni nini. Aliniambia huyu ni mimi.

Na mwandishi akiandika, tafadhali, apunguze mapenzi. Hilo ndilo lalamiko langu kubwa kwa hizi riwaya. Gerald anapata Hannah, Chloe anapata Patrick, kila aliyeharibiwa na kamera anaokotewa mpenzi mwenye macho ya huruma anayemwona "vile alivyo". Huyu wangu ako bweni la wasichana watupu, anayemwona vile alivyo ni matroni, na matroni pia anamwita Zingine. Afanyeje? Hapo ndipo nataka kusoma, na hapo vitabu vyote nilivyopata vinakimbia.

Ile vidio nilishaifuta kwa simu yangu. Kwa grupu ilimkatalia kaka yangu, ule muda wa kufutia wote ulikuwa umepita zamani sana. Nilimuomba msamaha, akasema "ni sawa Senge," kwa ile sauti ya kumwambia mtu mzima kitu ili anyamaze.

Jumamosi iliyopita tulikuwa mjini kumnunulia viatu vya shule, tukapita tena pale kwa inama. Akachuchumaa, akaanza kupekua, yeye na mimi tumepiga magoti kwa gunia kama watu wanapanda viazi. Alikuwa anataka za huyo huyo King. Muuzaji akatoa moja, mtoto akasema hiyo hapana, akatoa nyingine, hapana. Jua linachoma, mi nataka kuwahi matatu, nikainua kichwa nikamuuliza muuzaji kwa sauti, "Hakuna zingine?"

Mtoto akasimamisha mkono. Akaniangalia. Mi nikaangalia viatu vyangu.

"Ziko," muuzaji akasema, "lakini ni za mapishi."