Shusha Njia Panda

Bwana asifiwe, wapendwa. Najua habari zimeshawafikia. Najua kwa sababu jana mchana binti mmoja wa kwaya, sauti ya pili, ambaye hatujawahi kupita salamu, alinipigia simu kuniomba nimuulizie kwa Bwana habari za uchumba wake. Na aliyeeneza namjua: ni mpiga kinanda wetu, rafiki yangu tangu shule ya Jumapili. Kwa maelezo yake, usiku wa Ijumaa niliinuka kutoka sakafuni uso ukinimeremeta na taa za kanisa zikacheza.

Taa hazikucheza. Uso ulimeremeta, hilo sikatai. Ulikuwa udenda.

Sasa tulieni niwape yenyewe, kabla sijaanza kuletewa wagonjwa.

Kuna jamaa yangu wa kazini, meza zetu zinatazamana. Miezi minane namshuhudia. Petro anaandika katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, kwamba tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, ila kwa upole. Mimi nilikuwa najibu ambayo hajauliza. Vipeperushi nilimwekea chini ya kikombe. Akikohoa, naomba. Akichelewa kazini, nina andiko. Naye hakuwahi kunikasirikia, alikuwa ananitazama tu kama mtu anayesubiri mvua iishe, halafu anasema: "Kaka, nitakuja siku moja. Nataka niwaone kama wenyewe mnaamini mnayosema."

Wiki iliyopita akakubali. Nikamwambia karibu Jumapili, akakataa. Akasema Jumapili watu huvalisha mpaka mioyo. Anataka kuja mkesha wa Ijumaa, atuone saa tisa usiku tulivyo.

Nilifurahi kiasi cha kusahau kwamba mimi ni mtu wa usingizi. Nyumbani wanajua. Nikikaa mahali laini dakika kumi, mnaongea peke yenu.

Na hapa ndipo pananiuma zaidi, kwa hiyo nipapitie haraka: Jumapili ileile iliyotangulia nilikuwa nimewafundisha vijana habari za Eutiko. Matendo ya Mitume, sura ya 20. Paulo yuko Troa, anahubiri mpaka usiku wa manane, kijana kakaa dirishani, usingizi unamlemea, anaanguka kutoka ghorofa ya tatu, anaokotwa amekufa, Paulo anashuka anamkumbatia na uzima unamrudia. Mimi sikuishia kufundisha. Niliigiza. Nilikaa kwenye ukingo wa kiti, nikafumba macho, nikajiangusha, vijana wakacheka, nikasimama nikajipangusa na kusema: "Sisi hatuna ghorofa, lakini Mungu ni yuleyule." Hiyo sentensi niliiandaa tangu Alhamisi. Niliipenda.

Haya. Ijumaa.

Tulianza saa tatu usiku. Sifa, neno, maombi ya kuzunguka, tukaombea wagonjwa, ndoa, shule, paa. Jamaa yangu kakaa jirani nami, mnyenyekevu kabisa, akisimama tukisimama, akikaa tukikaa. Saa sita nikamtazama, yuko macho. Saa nane, yuko macho. Mimi saa nane nilikuwa nimeanza kuitikia amina katikati ya matangazo.

Saa tisa, mama wa maombi akashika kipaza sauti. Mnamjua huyu mama. Akisema "tuombe," hata watoto walioko nje wanaacha kukimbia. Akasema: "Tumeongea sana. Sasa tunyamaze. Tumwachie Bwana aseme." Taa zikapunguzwa, ikabaki ya madhabahuni. Kinanda kikawa kinanong'ona. Nikapiga magoti, viwiko nikaviegemeza kwenye kiti cha plastiki, uso nikauweka kwenye viganja.

Wanaokesha wanalijua pozi hili. Ni la hatari. Waombezi wachanga, ombeni mmesimama.

Ndani ya viganja kulikuwa na joto zuri na giza zuri. Nyuma yangu mtu ananong'ona "Yesu... Yesu... Yesu..." taratibu, mfululizo, kama feni. Nikaanza kumwombea jamaa yangu. Naapa nilianza vizuri. Nikamwombea yeye, nikaiombea nyumba yake, nikamwombea mama yake anayeumwa mguu. Nikauombea mguu. Mguu ukapanda basi.

Nami nikapanda.

Lilikuwa basi letu la kila siku la kurudi nyumbani, na lilikuwa limejaa hivyohivyo linavyojaa. Nimebanwa dirishani, kwapa la mtu liko juu ya paji langu, naona kituo chetu kinakuja. Kituo chetu kinaitwa Njia Panda. Naona kinakuja, naona kimefika, naona kinapita, na dereva wala hana habari. Konda kanipa mgongo. Nataka kuita, mdomo umejaa kitu kama pamba. Kituo kile kinarudi nyuma, kinakuwa kidogo, nami nakusanya pumzi kutoka tumboni, kutoka magotini, pumzi yote ya miezi minane...

"SHUSHAAA! SHUSHA NJIA PANDA! TUNAPITILIZWA JAMANI!"

Nikafumbua macho.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kiti cha plastiki, karibu sana, kikiwa na dimbwi dogo. Cha pili ni viatu vya jamaa yangu. Cha tatu sikukiona, nilikisikia: kinanda kimenyamaza. Feni ya "Yesu, Yesu" imezimika. Watu mia na kitu wamenyamaza mbele za Bwana, wakimsubiri Bwana aseme, na aliyesema ni mimi.

Nikakumbuka dirisha la Troa. Nikamwonea Eutiko wivu. Yeye angalau alianguka nje.

Ukimya ule ulikaa kama sekunde tatu, na ndani yake nilishapanga maisha mapya: nitahama kanisa, nitahama kazi, nitafuga ndevu. Halafu kutoka upande wa akina mama sauti moja ikapanda, nyembamba, ina machozi:

"Shusha, Bwana!"

Nyingine: "Shusha, Baba! Tusipitilizwe!"

Na kanisa likalipuka.

Ndugu zangu, kilichonimaliza ni Kiswahili. Neno lilelile tunalomwambia konda ndilo tunalomwambia Mungu. Ningeota niko sokoni ningeumbuka palepale na kesi ingeisha. Lakini "shusha"! Watu wakashusha moto, wakashusha mvua ya baraka, wazee wawili wakaacha fimbo zao, mpiga kinanda (huyuhuyu mwenye habari za taa) akapandisha ufunguo mara mbili. Nami nimebaki magotini, alama ya kiti imechorwa shavuni, najifuta kwa mkono wa shati.

Wakaniona najifuta. "Analia," mtu akasema.

Mama wa maombi akaja na kipaza sauti. Akainama. Manukato yake nayasikia mpaka leo. "Mwanangu," akasema, "Bwana amekuonyesha nini?"

Ukweli ulikuwa na maneno mawili: "Nilisinzia, mama." Nimeyahesabu mara nyingi tangu siku hiyo. Mawili tu.

Nikasema: "Nimeona... safari."

"Haleluya! Safari ya nani?"

"Ya watu wengi, mama."

"Wako katika hali gani?"

"Wamebanana. Wengine wamesimama."

"Semeni amina!" Wakasema. "Na mlango, mwanangu, uliuona mlango?"

"Niliuona. Mwembamba." Na kweli ni mwembamba, upande mmoja haufunguki tangu gari lile linunuliwe. Lakini nyuma kule mtu alipiga yowe na kuanguka.

"Na anayewaongoza? Ulimwona?"

Hapa ndipo hofu ya Mungu iliponijia, imechelewa lakini imekuja. Nikasema kwa sauti ndogo: "Uso sikuuona." Hilo ndilo lililopata amina kubwa kuliko yote. Mchungaji mwenyewe akasimama, akachukua kipaza sauti, akanyoosha mkono: "Kanisa, mmesikia! Tuko njia panda!"

Ndipo nikamgeukia jamaa yangu.

Alikuwa magotini, uso kaufukia kwenye kiti, mabega yanatetemeka. Kwanza nilidhani kaguswa. Halafu nikakumbuka: huyu mtu tunashuka naye kituo kimoja. Kila jioni. Na kwa kuwa yeye huona haya kupaza sauti, anayeita ni mimi. Miezi minane amesikia maneno hayohayo, kwa sauti hiihii, jioni baada ya jioni. Katika kanisa zima ndiye mtu pekee aliyekuwa na tafsiri.

Alikuwa ameuma mkono wa koti lake. Mama wa maombi akamwona, akaja akamwekea mkono mgongoni, akamwambia kwa huruma ya mama kabisa: "Na huyu mgeni wetu anaguswa. Lia, mwanangu. Usizuie."

Akaacha kuzuia. Mlio uliotoka siwezi kuuandika.

(Wale wasomaji wa Maandiko mtakumbuka kuhani Eli. Alimwona Hana anaomba, midomo inacheza, akadhani mama wa watu kalewa. Kwetu imekuwa kinyume. Mlevi wa usingizi kaonekana mwombaji, na hakuna Eli wa kumkemea.)

Yaliyobaki ni mafupi. Kumi na mbili asubuhi tulitoka. Jamaa yangu hakusema kitu mpaka barabarani, akasimama, akanitazama. "Kaka," akasema. "Mlango mwembamba?" Akaenda zake.

Nyumbani nikajitupa kitandani na usingizi, ule msaliti, haukuja. Nikafungua Biblia kutafuta wenzangu waliolala. Wapo. Yona melini, Yakobo na jiwe lake, wanafunzi wa Gethsemane waliokutwa wamelala mara tatu. Nikaanza kupata nafuu. Kisha nikaingia Yeremia 23, kwa manabii wanaosema "nimeota ndoto, nimeota ndoto," na jinsi Bwana anavyowaona. Nikafunga kitabu.

Jumamosi jioni nikaenda kwa Mchungaji.

"Shikamoo, Mchungaji."

"Marahaba, mtumishi!"

Mtumishi! Mpaka Alhamisi nilikuwa "wewe kijana wa viti."

Nikamweleza yote, mpaka kwapa. Alisikiliza kimya, mikono kifuani. Nilipomaliza akauliza swali moja: "Kwa hiyo yale shavuni hayakuwa machozi?" Nikamwambia hapana, baba. Akatikisa kichwa muda mrefu. Kisha akasema kipaza sauti kilekile kitanisubiri Jumapili.

Jumapili nikakishika. Sikuongea hata dakika mbili. Nilisema nilisinzia, niliota basi, nikapiga kelele, nikaulizwa, nikadanganya, mnisamehe. Kanisa kimya kama la saa tisa usiku. Mama wa maombi akasimama palepale alipokuwa. Hakukasirika hata kidogo. "Mwanangu, tumekusamehe," akasema. "Lakini Bwana alisema kwa kinywa cha punda wa Balaamu, na punda hakuulizwa kama anajua anachosema. Njia panda tuko."

Kwa hiyo rasmi mimi si nabii, mimi ni punda, na tafsiri imebaki. Nusu ya kanisa inaona nilikiri kwa unyenyekevu tu, kama watumishi wakubwa wanavyokana sifa. Binti wa sauti ya pili yumo katika nusu hiyo. Dada, kama unasoma hapa: sijui. Muulize huyo kaka mwenyewe.

Jamaa yangu? Alikuja Jumapili. Sikumwalika, nilikuwa nimemkwepa siku mbili. Alikaa kiti cha mwisho, na wakati natamka "nikadanganya" nilimwona amenyanyua shingo. Jumatatu kazini nikamuuliza alifuata nini. Akaendelea kuandika, hata hakuinua macho. "Nilikuja kuona kama utasema." Basi. Hajaokoka, kwa hiyo nyie mlioanza vigelegele rudini mkae. Ila safari hii ni yeye aliyeniuliza. Aliuliza yule Eutiko, baada ya kufufuliwa, alilala tena? Nikamwambia Maandiko yanasema tu kwamba walimleta akiwa hai, nao wakafarijika sana. Na kwamba Paulo aliendelea kuhubiri mpaka alfajiri. "Mpaka alfajiri?" akasema. "Hata baada ya kuua mtu?"

Jioni tukapanda basi letu. Limejaa. Mimi, tangu Ijumaa, sina tena ujasiri wa kuita kwenye gari. Naona kituo kinakuja, naona kimefika, nimekaza midomo, niko tayari kutembea kwa miguu kutoka kituo cha mbele. Jamaa yangu, huyu mwenye haya, asiyewahi kupaza sauti miezi minane, akashika bomba, akavuta pumzi, akainua uso juu:

"Shusha, Bwana! Tusipitilizwe!"

Dereva akakanyaga breki. Kutoka viti vya nyuma kabisa mama mmoja akaitikia, "Amina!"

Tukashuka.