Filta ya kufua: nilivyoipenda na kwa nini niliitoa

Kwa miaka mitatu hivi gari langu lilipumua kupitia filta ya hewa ya pamba yenye oili, ile ambayo hutupi, unaifua na kuirudisha. Niliinunua kwa sababu ya maneno mawili yaliyokuwa kwenye boksi, "ya maisha", na kwa sababu ya sauti. Kwenye sauti sikudanganywa. Ukikanyaga mafuta mpaka chini, injini inavuta hewa kwa mngurumo mzito unaokufanya ujione dereva wa mashindano hata ukiwa unakwenda kazini. Hayo mengine ndiyo yenye maneno.

Filta ya kawaida ni karatasi iliyokunjwakunjwa, yenye vitundu vidogo sana. Vumbi linafika pale linakwama. Ya pamba ni tabaka kadhaa za kitambaa chepesi mfano wa bandeji, kilichobanwa kati ya nyavu mbili za waya, kisha kikapakwa oili inayonata. Matundu yake ni makubwa. Ukiifua, ikakauka, ukaiinua dirishani, unaona mwanga unapita. Kwa hiyo kinachokamata vumbi hasa ni oili, na pamba kazi yake ni kuibeba. Ile rangi nyekundu haina maajabu, imewekwa ili uone oili imefika wapi na wapi haijafika.

Wazo lenyewe ni la zamani. Trekta nyingi za kale na Volkswagen Beetle zilikuwa na bakuli la oili ambalo hewa ilipitishwa juu yake ili iache uchafu wake humo, na waendesha pikipiki za matopeni mpaka leo wanapaka oili sponji zao. Oili inakamata vumbi, hilo halina ubishi.

Na vumbi si la kuchezea. Injini ya petroli inataka karibu kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya mafuta. Ukipiga hesabu, lita moja ya petroli inaondoka na hewa ya lita 9,000 hivi. Vumbi la barabarani lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko chuma cha kuta za silinda. Chembe ikiingia kati ya ringi za pistoni na silinda inafanya kazi ya msasa, taratibu, bila kelele, mpaka siku gari linaanza kula oili na unashangaa kulikoni.

Sasa tuje kwenye nguvu, maana ndiyo inayouza. Ni kweli pamba inapitisha hewa kwa urahisi zaidi. Lakini unapoendesha kawaida, hewa haizuiwi na filta. Inazuiwa na ule mlango mdogo unaofunguka kadiri unavyokanyaga pedali, na muda mwingi mlango huo uko karibu kufungwa. Kubadilisha filta hapo ni sawa na kupanua geti wakati mlango wa nyumba umeegeshwa. Utaona tofauti pale tu unapokanyaga mpaka mwisho na mizunguko iko juu, na hata hapo kwenye gari ambalo halijafanyiwa chochote kingine utahitaji mashine ya kupimia nguvu ili uione. Mimi niliisikia kwa masikio, nikaamini nimeihisi mgongoni.

Kuhusu kuokoa mafuta, mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilijaribu magari ya kisasa ya petroli yakiwa na filta zilizoziba. Ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha maana. Kilichopungua ni wepesi wa gari kuchanganya. Sababu ni kwamba kompyuta ya gari inapima hewa iliyoingia na kumimina mafuta yanayolingana nayo. Sasa niambie: ikiwa filta iliyoziba haiharibu ulaji wa mafuta, hii iliyo wazi zaidi itauboresha vipi? Gari la kabureta, lile la zamani lisilo na kompyuta ya kupima mafuta, lina hesabu yake tofauti, na nadhani huko ndiko sifa nyingi za zamani zilikotoka.

Kilichonitoa kwenye mapenzi haya ni sensa ya hewa. Magari mengi ya sasa yana kikorokoro kidogo cha plastiki kwenye bomba, mara tu baada ya boksi la filta. Ndani yake mna uzi mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta inajua hewa ni nyingi kiasi gani kwa kuangalia umeme unaohitajika kuurudishia joto lake. Uzi huo ukipata utando wa oili, vumbi laini linaugandia, na vipimo vinaharibika.

Nilipofua mara ya pili ilikuwa usiku, taa hafifu, na kesho yake nina safari. Maelekezo yanasema upitishe mstari mwembamba wa oili kwenye kila mkunjo, usubiri kama dakika 20, kisha uongeze pale palipobaki peupe. Mimi sikusubiri. Kila nilipoona peupe niliongeza. Siku ya tatu taa ya injini ikawaka, gari likawa linatetemeka likisimama. Mashine ya fundi ikasoma P0171, maana yake hewa ni nyingi kuliko mafuta. Akaichomoa sensa, akaitazama, kisha akafungua boksi la filta. Chini palikuwa na oili nyekundu imetuama.

"Bosi, hii filta uliipaka oili au uliiogesha?"

Akapuliza dawa ya kusafishia sensa, akaiacha ikauke, gari likatulia. Nikubali: kosa lilikuwa langu. Watengenezaji wanasema filta iliyopakwa kwa kiasi haimwagi oili kwenye sensa, na sina sababu ya kubisha. Ninachosema ni kwamba mimi, mtu wa kawaida mwenye haraka zangu, ndiye niliyeachiwa kipimo kila mara.

Tena kuzidisha ni afadhali, maana taa itakuambia. Ukipunguza oili hakuna taa inayowaka. Baada ya kisa kile nikawa mwoga, nikapaka kidogo kidogo. Siku moja nikachukua kitambaa cheupe nikafuta ndani ya bomba, upande ambao hewa inatakiwa iwe imeshasafishwa. Kikatoka na poda ya kahawia, laini kama ya usoni. Nilikaa nikiitazama kwa muda. Nikarudisha karatasi, nikasafisha bomba, na baada ya miezi kadhaa nikafuta tena: kitambaa kilitoka karibu kama kilivyoingia. Huo si utafiti. Inawezekana ile poda ilipitia pembeni, kwenye mpira wa ukingo wa filta usiokaa sawasawa, na mpira mbovu unaiponza hata filta ya karatasi. Lakini injini iliyokuwa hatarini ni yangu.

Karatasi nayo ina siri ambayo mafundi wengi wanaipuuza: kadiri vumbi linavyojikusanya juu yake ndivyo inavyozidi kukamata, kwa sababu vumbi lenyewe linageuka chujio. Anayeipiga upepo wa kompresa kila wiki anaipunguzia kazi, na siku nyingine anaitoboa kabisa asijue.

Siisemi vibaya ya pamba moja kwa moja. Inabeba vumbi jingi kabla haijaziba. Gari la mashindano, ambalo injini yake hufunguliwa mara kwa mara, linaifaidi. Gari lisilo na sensa ya aina ile halina cha kuogopa kwa oili ikizidi. Na wapo watu wanaopenda kazi yenyewe: maji ya nguvu ndogo kutoka ndani kwenda nje, bila petroli, bila upepo wa moto, kisha kuianika kivulini mpaka ikauke yenyewe. Kaka yangu ni mmoja wao. Ana pikapu ya kabureta, na filta yake huifua huku akipiga mluzi. Kwake gari kulala siku nzima bila filta si tatizo. Kwangu lilikuwa tatizo kila mara, na kwenye boksi hawakuliandika.

Yangu iko kwenye rafu pamoja na nusu chupa ya oili. Niliifua kwa mara ya mwisho, ikakauka vizuri, sikuipaka kitu. Watu wakiniuliza kama wanunue, naishusha, nawapa waiinue dirishani.