Akiba ya mzee na bili ya nyumba ya wazee: nani alindwe kwanza?

Mzee akiingia nyumba ya uuguzi nchini Marekani, kinachoishtua familia kabla ya yote ni bei. Kwa takwimu za kampuni za Genworth na CareScout za mwaka 2024, kitanda katika chumba cha watu wawili kiligharimu kama dola 111,000 kwa mwaka, na chumba cha peke yake karibu dola 128,000. Wengi wetu, hata wale wanaoogesha na kulisha wazee katika nyumba hizohizo kila siku, huamini kwamba Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, italipa kwa sababu mzee alikatwa kodi yake miaka yote ya kazi. Hailipi, angalau si kwa namna tunayoidhani. Medicare hugharamia uuguzi wa kitaalamu usiozidi siku 100 baada ya mgonjwa kulazwa hospitali: siku 20 za kwanza bila malipo, zinazofuata kwa kuchangia. Aliyevunjika nyonga na anahitaji mazoezi ya viungo atanufaika. Aliyesahau jina la mke wake, anayehitaji mtu wa kumvalisha na kumzuia asitoke nje usiku wa manane, hana fungu lake humo.

Mlipaji halisi ni Medicaid, mpango wa serikali kuu na majimbo kwa watu wasio na uwezo. Takriban wakazi 6 kati ya 10 wa nyumba za uuguzi wanalipiwa nao. Wengi wao hawakuwa maskini walipoingia. Katika majimbo mengi, mtu asiye na mwenza haruhusiwi kubaki na zaidi ya dola 2,000 za akiba ndipo alipiwe. Nyumba anayoishi na gari moja kwa kawaida havihesabiwi, kwa masharti; vilivyobaki vyote vinaliwa kwanza. Na akishakubaliwa, karibu pensheni yake yote inakwenda kwa nyumba ya wazee. Anaachiwa posho ambayo kiwango chake cha chini kwa sheria ya serikali kuu ni dola 30 kwa mwezi. Hizo ndizo za kunyoa nywele, kununua kandambili na kupiga simu nyumbani.

Ndiyo maana familia nyingi huanza kuuliza mapema kama si busara kuhamisha mali kwa watoto, au kuiweka katika amana isiyotenguliwa, yaani mfuko wa kisheria ambao mali ikishaingia mzee hawezi kuirudisha kwake, ili bili itakapokuja ikute mzee hana kitu na Medicaid ilipe. Kuna mawakili ambao hii ndiyo kazi yao, na ni kazi halali. Kama ni haki, hilo ni swali jingine, na watu wema wanaligombania.

Nianze na wanaosema ndiyo, maana hoja yao ni nzito kuliko inavyosikika. Tuchukue wazee wawili waliofanya kazi kiwanda kimoja, wakalipa kodi ileile, wakaweka akiba ileile. Mmoja anapata saratani. Medicare inalipia upasuaji, mionzi na sehemu kubwa ya dawa, gharama ambazo zinaweza kufika mamia ya maelfu ya dola, na hakuna anayemuuliza habari ya akaunti yake. Mwingine anapata Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Huyu analipa mwenyewe mpaka aishiwe. Tofauti yao ni aina ya ugonjwa tu, ambayo hakuna aliyeichagua. Aliyekula mshahara wake wote bila kuweka senti analipiwa tangu siku ya kwanza; aliyejibana miaka 40 analipa mpaka awe sawa na huyo. Sijaona mtetezi wa mfumo huu aliyejibu hoja hiyo kwa namna inayoridhisha.

Sheria yenyewe inakiri kwamba kulinda mali si dhambi. Kabla ya mwaka 1988, mke aliyebaki nyumbani aliweza kuachwa mkavu kwa sababu mume yuko kitandani. Mwaka huo Bunge la Marekani likaweka kinga ya mwenza: anayebaki nyumbani anaruhusiwa kushika sehemu ya akiba yao, ambayo mwaka 2025 iliweza kufika dola 157,920 kutegemea jimbo, na anahakikishiwa kipato cha kuishi. Nyumba haiguswi akiwa anaishi humo. Vilevile mzee anaweza kumhamishia nyumba, bila adhabu ya kunyimwa Medicaid kwa muda kwa sababu ya kugawa mali, mtoto mwenye ulemavu, au mtoto aliyeishi naye si chini ya miaka 2 akimhudumia kiasi kwamba alichelewesha safari ya kwenda nyumba ya wazee. Kifungu hiki cha mtoto aliyehudumia kinatuhusu sana, na nitakirudia.

Upande wa pili unasema Medicaid ni ya maskini, na ikilipia wenye akiba zilizofichwa, wanaoumia ni wale ambao hawakuwahi kuwa na cha kuficha. Fedha ni zilezile zinazotibu watoto na wajawazito wa familia za kipato cha chini. Jimbo likibanwa, hupunguza malipo, na malipo yakipungua, nyumba ya wazee inaajiri wauguzi wachache. Wanaofanya kazi humo wanajua maana yake: mtu mmoja anabeba wakazi wengi kupita kiasi, na bibi aliyebonyeza kengele anakaa amelowa mpaka zamu yake ifike. Siwezi kuipuuza hoja hii. Urithi unaookolewa katika familia moja una mtu anayeulipia mahali fulani, na mara nyingi ni mgonjwa wa kitanda cha pili.

Bunge limekuwa likiegemea upande huu. Sheria ya mwaka 1993 ilizilazimisha programu za majimbo kudai, baada ya kifo cha mtu aliyehudumiwa akiwa na miaka 55 au zaidi, kile zilichomlipia, na mara nyingi kinachodaiwa ni nyumba. Hazidai wakati mwenza yu hai, wala kama kuna mtoto mdogo au mwenye ulemavu. Kisha sheria iliyotiwa saini Februari 2006 ikarefusha kipindi cha kukagua zawadi alizotoa mzee kabla ya kuomba Medicaid kutoka miaka 3 hadi 5, na ikabadilisha jambo moja ambalo familia nyingi huligundua zimeshachelewa: siku adhabu inapoanza kuhesabiwa.

Hebu tulione kwa hesabu. Tuseme jimbo linakadiria gharama ya mwezi kuwa dola 10,000, na mzee aliwagawia watoto dola 120,000 miaka 3 kabla ya kuomba. Gawanya, unapata miezi 12 ambayo Medicaid hailipi. Zamani miezi hiyo ilianza kuhesabiwa tangu zawadi ilipotolewa, hivyo anapoomba inakuwa imekwisha. Sasa inaanza pale anapokuwa tayari amehitaji uuguzi, ameishiwa, na vigezo vingine vyote ametimiza. Yaani mwaka mzima hana fedha na hana mlipaji. Watoto wakiwa wameshazitumia zile 120,000 kwa malipo ya awali ya nyumba yao, nani atalipa?

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaohubiri kwamba kila familia igawe mali mapema. Mbali na adhabu, mali ikishakuwa ya mtoto ni ya mtoto kweli. Akiachwa na mkewe, inaweza kuingia kwenye mgawanyo. Akishtakiwa kwa ajali au deni, inaweza kuchukuliwa. Mzee akitaka kuhama kwenda nyumba nzuri zaidi, itabidi aombe fedha zake mwenyewe. Kuna na kodi: nyumba iliyorithiwa baada ya kifo huhesabiwa kwa thamani ya siku hiyo, lakini iliyotolewa zawadi mzee akiwa hai hubeba bei aliyoinunulia zamani, na mtoto akiiuza hutozwa kodi kwa faida yote ya miaka hiyo. Na kuna jambo ambalo waliomo ndani ya kazi hii wanalijua vizuri: nyumba bora za uuguzi hupenda mgonjwa anayeweza kujilipia kwa muda. Anayekuja na fedha za mwaka mmoja ana nafasi kubwa ya kuchagua kuliko anayekuja mikono mitupu tangu siku ya kwanza. Akiba hiyo, kabla haijaisha, ndiyo inayomnunulia mzee uamuzi.

Sisi tunaotoka Afrika Mashariki na Kongo tuna mambo yetu ambayo washauri wa huko hawayaoni. La kwanza ni hela tunazotuma. Ofisa anayekagua ombi huomba taarifa za benki za miezi 60, anapitia kila fedha iliyotoka na kuuliza ilikwenda wapi. Baba aliyekuwa akituma dola 400 kila mwezi kwa ada za wajukuu Arusha, aliyechangia misiba, aliyemwezesha mdogo wake kumalizia bati la nyumba, kwa macho ya ofisa huyo ametoa zawadi. Sheria inaruhusu kujitetea kwa kuonyesha kwamba fedha zilitolewa kwa sababu nyingine kabisa na si ili kupata Medicaid, na mtu aliyekuwa akituma kiasi kilekile miaka 15 kabla hajaugua ana ushahidi mzuri, mradi ushahidi upo. Stakabadhi za kutuma fedha, jumbe za kuombwa ada, orodha ya michango ya msiba: wekeni pamoja kwenye bahasha moja. Kupeleka dola 20,000 kwa mkupuo baada ya daktari kusema baba ana kiharusi ni jambo tofauti, na msitegemee litapita.

La pili ni kiwanja cha nyumbani. Fomu inauliza mali zote, na shamba la Kigamboni au ploti ya Kitengela yenye jina la mzee ni mali yake hata kama iko ng'ambo ya bahari. Ikiwa inauzika, inaweza kuhesabiwa. Nimewasikia watu wakishauriana waziwazi kuificha kwa kuwa hakuna atakayejua. Anayesaini ile fomu anaapa kwamba aliyoyaandika ni kweli, na mara nyingi anayesaini ni mtoto kwa niaba ya mzazi. Ushauri huo ni mbaya, hata ukitolewa kwa upendo.

La tatu ni hali ya uhamiaji. Mzazi aliyeletwa kwa ombi la mtoto na kupata green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, kwa kawaida husubiri miaka 5 kabla ya kustahili Medicaid kamili, na mtoto aliyemdhamini alisaini hati ya kumtegemeza. Kwa familia zilizokuja kama wakimbizi, na Wakongo wako wengi humo, sheria ya Julai 2025 imekaza kamba: kuanzia Oktoba 2026 hadhi ya ukimbizi peke yake haitoshi tena. Kwa mzee wa namna hiyo, kuomba green card mara anaporuhusiwa ni ulinzi bora wa akiba kuliko amana yoyote ya wakili.

Kwa hiyo nani alindwe kwanza? Mimi naweka mwenza juu kabisa, bila mjadala. Kinga yake ipo na familia zitumie kila senti inayoruhusiwa. Wa pili ni mtoto anayeuguza. Katika familia zetu huyu karibu kila mara ni binti. Anaacha kazi au anapunguza zamu, anahamia kwa mama, anageuza godoro usiku, na mama akifa anagawana sawa na kaka zake waliokuwa wakipiga simu Jumapili. Mbaya zaidi, akipewa hela za shukrani bila maandishi, ofisa anaziona kama zawadi na mama anaadhibiwa. Dawa yake inajulikana: mkataba wa malezi ulioandikwa kabla kazi haijaanza, wenye saa, majukumu na malipo yanayolingana na bei ya kawaida ya kazi hiyo mahali hapo, ukitekelezwa kila mwezi na kodi zikilipwa. Hapo akiba ya mama inapungua kihalali, inakwenda kwa aliyeifanyia kazi, na mama anakaa kwake muda mrefu zaidi. Najua wazee wengi wataona aibu kumlipa mwanao kwa kukuogesha. Naona aibu kubwa zaidi ni kumwacha afike miaka 55 hana akiba yake ya uzeeni.

Wa tatu ni mzee mwenyewe, yaani akiba itumike kumpatia huduma njema wakati bado anaweza kusema anachotaka. Urithi nauweka mwisho. Najua kuna wazazi ambao kumwachia mtoto nyumba ndiyo maana nzima ya kuhamia nchi ya watu, na siwalaumu. Ila wanaotaka hivyo waanze wakiwa na miaka 60 na afya njema, kwa msaada wa wakili wa wazee wa jimbo lao, maana kila jimbo lina kanuni zake. Kuanza siku ambayo hospitali imetoa notisi ya kumruhusu mgonjwa ni kuchelewa.

Siku hiyo ya notisi, kuna karatasi moja ya kuangaliwa sana. Mkataba wa kuingia nyumba ya wazee huwa mrefu, unaletwa haraka, na mahali pa saini ya ndugu pameandikwa kwamba yeye ndiye mhusika anayewajibika. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1987 inakataza nyumba hizi kumlazimisha ndugu awe mdhamini wa malipo ili mgonjwa apokewe. Pamoja na hayo, majimbo kadhaa bado yana sheria za zamani za kuwadai watoto, na mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya Pennsylvania ilithibitisha uamuzi kwamba mwana mmoja alipe kama dola 93,000 za bili ya mama yake. Usisaini kwa jina lako pekee. Andika kwamba unasaini kwa niaba ya mama kwa mamlaka aliyokupa, chukua nakala, na kama hati ya mamlaka hiyo bado haipo, itengenezwe leo, mama akiwa bado na akili ya kuitoa.