Kikohozi cha heshima

Bosi wangu mpya nimemzidi miaka kumi na mbili, na balaa lote lilianzia hapo.

Siku aliyoripoti alipita meza kwa meza kusalimia. Alipofika kwangu nilisimama, nikafungua mdomo, kisha nikakwama. Nimpe shikamoo mtu aliyeanza darasa la kwanza mimi tayari nanyoa ndevu? Nisipompa, si ataona namdharau kwa kuwa ni mwanamke, tena mdogo? Shikamoo hufuata umri, ila mshahara hufuata cheo, na siku hiyo viwili hivyo viligongana mbele ya meza yangu. Ikanitoka sauti ya katikati: "Shi... habari."

Naye akajibu, "Mara... nzuri."

Kumbe hata yeye alikuwa na mtihani wake.

Wiki ile nikajaribu kila jina. "Mheshimiwa" nililitamka mara moja tu. Akageuka kutazama nani ameingia nyuma yake. "Mkuu" ni jina zuri kwenye simu, lakini ukisimama mbele ya mtu linasikika kama unaomba lifti. "Madamu" lilinirudisha shuleni: kila nikilisema, mikono inakwenda nyuma yenyewe. "Dada" sikuthubutu, maana mwenzetu mmoja aliyetangulia kulitumia aliulizwa kikaoni, "Dada wa nani?" Na jina lake tupu, kwa malezi niliyopata, ningelitamka huku nimeinama kukwepa kofi la marehemu mama.

Basi nikahamia kwenye kukohoa.

Msicheke, mbinu ilifanya kazi. Unasimama mlangoni na faili lako, unakohoa kidogo, kwa adabu, ngumi mdomoni. Anainua macho, unaanza moja kwa moja: "Naomba saini hapa." Humwiti mtu jina lolote. Nilikuwa na kikohozi kifupi cha saini, kirefu kidogo cha kuomba ruhusa, na kile cha kikaoni chenye mikwaruzo miwili, maana yake nina hoja. Nilidumu nacho karibu mwezi mzima na nilianza kujiona mjanja.

Jumatatu moja akaweka kalamu chini.

"Hicho kikohozi una muda gani nacho?"

Nilitaka kumwambia siumwi. Lakini sentensi yenyewe ilidai jina: "Hapana, nani hii, mimi mzima." Nani hii? Nikatafuta, nikakosa. Nikakohoa.

"Nenda nyumbani," akasema, akisogeza kiti chake nyuma. "Siku tatu. Muone daktari." Kabla sijafika getini, alikuwa ameshatuma barua pepe kwa idara nzima kwamba ninaumwa na kazi zangu zigawanywe.

Nikiwa nyumbani, mzima wa afya, dhamira ilinisuta. Nikaona nimshukuru kwa maandishi, maana kwenye maandishi huwezi kukohoa. Barua za ofisini humwandika mwanamke "Bi.", na hiyo ni kifupi cha Bibi. Mimi nikaona kufupisha heshima ni uvivu. Nikaandika kwa kirefu:

"Bibi mpendwa, nashukuru kwa kunijali. Nimelala vizuri. Nitarudi Alhamisi."

Nikaibandika kwenye ile ile barua pepe yake, nikabonyeza jibu. Sikuangalia kwamba nimewajibu wote.

Simu ya kwanza ilitoka kwa mhasibu, akinipa pole: nimekosea anwani, ujumbe wa bibi yangu umekuja kazini, na je, bibi anaendeleaje? Ya pili ilitoka kwa mwenzangu ambaye kwao bibi ni mke. Huyu alinong'ona.

"Lini?"

"Lini nini?"

"Mmefunga ndoa lini? Mbona hata kadi ya mchango hatukuona?"

Nikakimbilia kamusi nikitafuta wakili. Nikakuta bibi ni mama wa mzazi wako, bibi ni mke, na bibi ni jina la heshima kwa mwanamke. Maana niliyokusudia ipo, imeandikwa waziwazi. Ila idara ilikuwa imeshagawana zile nyingine mbili, wala hakuna aliyeniachia yangu.

Alhamisi nikaingia mapema, kabla ya watu. Juu ya meza yangu palikuwa na karatasi ndogo ya njano, mwandiko ninaoujua kwenye saini zote:

"Mjukuu wangu, umepona? Naisubiri ile ripoti saa nne. Bibi."

Saa nne kamili nikagonga mlango wake. Korido nzima ilikuwa kimya. Hata ile mashine ya kurudufu, ambayo hainyamazi, ilinyamaza. Nikavuta pumzi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu." Hakuinua hata macho. "Ripoti iko wapi?"

Ripoti sikuwa nayo.

Nikakohoa.